Misuli Minne, Kano Moja: Paja la Mbele na Sindano ya Mtoto

Mtoto anapotimiza wiki 6 tangu kuzaliwa, mama humpeleka kliniki kupata chanjo. Katika Tanzania na Kenya safari hiyo hurudiwa mtoto awapo na wiki 10, na tena awapo na wiki 14. Kila mara muuguzi hutenda jambo lile lile: mtoto hupakatwa na mama yake, muuguzi hulishika paja kwa vidole, kisha huiingiza sindano upande wa mbele na nje, karibu nusu ya njia kati ya nyonga na goti. Tako haligusi. Bibi aliyemsindikiza mkwewe, ambaye zama zake sindano ilikuwa ni ya takoni, huweza kunung'unika kwamba siku hizi watoto wanaonewa: yawaje mtoto achomwe kwenye paja, mahali ambapo kesho atapahitaji ili asimame na kutembea?

Manung'uniko hayo yamebeba swali zuri la sayansi. Bibi anasema kweli kwamba paja la mbele ndilo limsimamishalo mtu. Muuguzi naye anatenda sawasawa. Ili kuona jinsi wote wawili wanavyoweza kuwa na haki, hapana budi kulifunua paja lenyewe na kutazama kilichomo.

Kabla ya kulifunua, yafaa kuweka sawa jambo moja la lugha. Katika Kiswahili cha kila siku neno "mshipa" hubebeshwa mzigo mkubwa mno. Ateri ni mshipa, vena ni mshipa, neva ni mshipa, na mara nyingine hata kano huitwa mshipa. Katika somo la anatomia vitu hivi vinne havina budi kutenganishwa, kwa sababu swali la sindano ni swali la kujua ni kipi kati ya hivyo kinapita wapi.

Nyama yote inayolijaza paja kwa mbele, chini ya ngozi na mafuta, ni mkusanyiko wa misuli minne. Vitabu huipa majina ya Kilatini, na majina hayo, yakitafsiriwa, yanaeleza vema hali ya kila msuli. Wa kwanza ni msuli mnyoofu wa paja. Huu hulala juu ya wenzake, katikati kabisa, na huanzia kwenye mfupa wa nyonga. Mitatu iliyosalia huitwa misuli mipana, na yote huanzia kwenye fupaja, yaani mfupa mkubwa wa paja. Msuli mpana wa nje huufunika ubavu wa nje wa mfupa huo. Ndio mkubwa kuliko wote minne. Msuli mpana wa ndani hushuka upande wa pili, na kwa mwanariadha huonekana kama tone la nyama lililovimba juu kidogo ya goti. Msuli mpana wa kati umefichika: umekumbatia mfupa kwa mbele, chini ya ule mnyoofu, na hauonekani mpaka huo wa juu uinuliwe.

Mtu angedhani kwamba mwili wa binadamu, uliopasuliwa na kuchorwa kwa karne nyingi, hauna tena cha kuficha. Hata hivyo mwaka 2016 Karl Grob na wenzake walitangaza kwamba, walipoipasua miguu 26 ya maiti, walikuta msuli mwembamba wa ziada kati ya ule mpana wa nje na ule wa kati. Wengine wanauhesabu kuwa ni sehemu tu ya majirani zake. Kwa madhumuni ya makala haya, hesabu ya minne inatosha.

Jambo la maana zaidi kuliko majina ni namna misuli hii inavyoishia. Yote minne, licha ya kuanzia mahali mbalimbali, huungana chini na kuwa kano moja nene. Kano hiyo hukipokea kilegesambwa, ule mfupa mdogo wa mviringo ulio mbele ya goti, hukipita, kisha huendelea hadi kwenye kinundu kilicho juu ya mfupa wa muundi. Kinundu hicho kila mwanafunzi anaweza kukipapasa sasa hivi: ni ile ncha ngumu iliyo vidole vitatu hivi chini ya kilegesambwa. Misuli inapojikaza, kano huvutwa, muundi nao huinuka, na goti hunyooka. Hakuna msuli mwingine mwilini wenye uwezo wa kuifanya kazi hii badala yake.

Uzito wa kazi hiyo huonekana wazi pale inapokosekana. Polio, inapoharibu chembe za neva katika uti wa mgongo, mara nyingi huipooza misuli ya paja la mbele. Katika miji yetu wapo watu wazima waliougua utotoni, ambao kila wanapokanyaga kwa mguu uliopooza huliegemea paja kwa kiganja na kulisukuma nyuma. Asiyejua hudhani ni mazoea. Kumbe mkono umepewa kazi ya msuli: bila msukumo huo, goti lingejikunja kwa ghafla chini ya uzito wa mwili, na mtu angeanguka.

Kilegesambwa nacho kinastahili maelezo. Kimo ndani ya kano yenyewe, nacho ni mkubwa wa jamii ya mifupa ambayo wanaanatomia wa kale waliipa jina la mbegu ya ufuta, kwa kuwa mingi kati yake ni midogo kama punje zilimwazo Lindi na Mtwara. Mtoto mchanga hanacho kwa hali ya mfupa. Anacho cha gegedu tu, na mfupa huanza kujijenga ndani yake kwenye umri wa miaka mitatu hadi sita. Kazi yake yafanana na ile ya kapi la jahazi, kwa kuwa huigeuza njia ya kamba. Lakini hufanya zaidi ya kapi: huisukuma kano mbele, mbali na egemeo la goti, na hivyo huurefusha mkono wa wenzo. Goti linaponyooka kabisa, kilegesambwa huongeza nguvu ya kunyoosha kwa karibu asilimia 30.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuipima kazi hii kwa hesabu nyepesi. Na tumfikirie mtu aliyeketi juu ya meza, ambaye anauinua muundi mpaka ulale mlalo. Muundi na wayo, pamoja na kiatu, vina masi ipatayo kilo 4, na kitovu cha uzito kiko sentimita 20 hivi kutoka kwenye goti. Uzito huo ni niutoni 40, na momenti yake ni 40 × 0.2, yaani niutoni-mita 8. Kano nayo huvuta kutoka umbali wa sentimita 4 tu. Basi kani inayohitajika ni 8 ÷ 0.04, yaani niutoni 200. Ili kuushikilia mguu wa kilo 4, misuli imevuta kana kwamba imening'iniza mzigo wa kilo 20.

Sasa na tumfikirie mama wa kilo 60 aliyechuchumaa kisimani, akatwishwa ndoo ya lita 20, naye anainuka. Afikapo nusu ya njia, uzito ulio juu ya kila goti ni kama kilo 36, nao waweza kuangukia sentimita 20 nyuma ya goti. Niutoni 360 × 0.2 ni niutoni-mita 72. Zikigawanywa kwa 0.04 zinakuwa niutoni 1,800. Kila kano inavuta kwa kani ilingananayo na uzito wa kilo 180. Vipimo hivi ni vya kukadiria, na mwalimu hodari atawaachia wanafunzi wavibadilishe na kupiga hesabu upya, lakini ukubwa wa jibu hautabadilika sana. Ndiyo maana misuli hii ni miongoni mwa iliyo minene kuliko yote mwilini. Ndiyo maana pia mgonjwa aliyelala kitandani majuma kadhaa, au aliyefungwa plasta, hulikuta paja lake limesinyaa, na huinuka kwa kujishika ukutani.

Neva inayoitawala misuli yote minne ni moja, neva ya paja, itokayo kati ya pingili za kiuno, kutoka mizizi ya 2, 3 na 4. Mganga anapoigonga kano chini ya kilegesambwa kwa nyundo ya mpira, misuli huvutika ghafla. Habari hukimbia hadi kwenye uti wa mgongo, huvuka sinepsi moja tu, kisha hurudi, na muundi huruka mbele kabla mwenyewe hajaamua lolote. Wajerumani wawili, Wilhelm Erb na Carl Westphal, waliueleza mrusho huu mwaka mmoja, 1875, kila mmoja kivyake. Ni jaribio la darasani lisilo na gharama, na ukingo wa kiganja watosha kuwa nyundo.

Sasa swali la sindano laweza kujibiwa. Neva ya paja na ateri kuu ya mguu huingia pajani pamoja, kwenye kinena. Neva hugawanyika mara moja kuwa matawi madogo, na ateri hushuka upande wa ndani, imefunikwa na msuli mrefu mwembamba ukatao paja kimshazari, ambao ndio mrefu kuliko yote ya mwili. Ubavu wa nje umebaki bila chombo kikubwa chochote. Hapo pana msuli mpana wa nje peke yake, mnene, wenye damu tele ya kuisambaza dawa, ambao hata kwa mtoto wa wiki 6 umekwisha kuwa na unene wa kutosha.

Tako, kwa upande wake, lina hatari. Misuli yake hukua kwa kutembea, na mtoto mchanga bado hajatembea; kinachoonekana kuwa ni nyama nono kwa sehemu kubwa ni mafuta. Chini ya mafuta hayo hupita neva kubwa kuliko zote mwilini, ambayo kwa mtu mzima ina unene kama wa kidole, nayo huutawala mguu wote chini ya goti. Sindano ikiigusa, au dawa kali ikimwagika kando yake, wayo waweza kulegea na vidole kuburuzika, pengine maisha yote. Ulemavu wa namna hiyo umeandikwa mara nyingi katika nchi za Afrika, na Uganda ni mojawapo, hasa kwa watoto waliodungwa kwinini takoni walipougua malaria. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba kwinini ikilazimika kudungwa msulini, izimuliwe, igawanywe mara mbili, na iingizwe kwenye mapaja yote mawili kwa mbele. Tangu mwaka 2011 shirika hilo limependekeza artesuneti badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali, lakini sindano yake, inapopigwa msulini, huelekezwa paja lile lile.

Je, bibi hakuwa na hoja basi? Alikuwa nayo, na historia inamuunga mkono kwa upande mmoja. Mwaka 1961 Daktari Hněvkovský wa Prague alieleza habari za watoto ambao magoti yao yalikuwa yakikataa kukunjika, kidogo kidogo, mwezi hata mwezi. Alipowapasua, aliukuta msuli mpana wa kati umegeuka kovu. Chanzo hakikujulikana. Mwaka 1964 Gunn, aliyekuwa akifanya kazi Singapore, na vilevile Lloyd-Roberts na Thomas wa London, walivuta macho ya waganga kwenye jambo ambalo watoto wengi wa namna hiyo walishiriki: walipokuwa wachanga waliugua sana, na walidungwa sindano nyingi za mapaja. Kisha, mwaka 1973, katika mkoa wa Yamanashi nchini Japani, watoto wengi wa eneo moja waligunduliwa kuwa na ulemavu huo. Uchunguzi ulipoenea nchi nzima, hesabu ilifika maelfu. Walikuwa wamedungwa mara kwa mara dawa za kuua vijidudu na za kushusha homa, wengi wao kwa sababu ya mafua tu, maradhi ambayo hupona yenyewe.

Ajabu ya maradhi haya ni kwamba hayajitokezi siku ya sindano. Mtoto huchomwa akiwa na miezi 6, naye hutambaa na kutembea kama wenzake, kisha akiwa na miaka mitatu au minne mama hushangaa kuona hawezi kuchuchumaa. Ufafanuzi umo katika muungano wa misuli minne na kano moja. Dawa kali, ikiingizwa kwa wingi na kwa kurudiwa mahali pamoja, huua nyuzi za msuli, na nafasi yake hushikwa na tishu ya kovu. Msuli hurefuka kadiri mfupa unavyokua, kovu halirefuki. Fupaja la mtoto linaongezeka kila mwaka, na lile kovu limebaki na urefu wa utotoni, kama kamba fupi iliyofungwa kwenye mti unaokua. Misuli mitatu iliyo mizima haiwezi kuokoa jambo, kwa kuwa kano ni moja: mmoja ukikataa kulegea, goti zima limekatazwa kukunjika. Mtoto hutembea akiuzungusha mguu uliokakamaa. Hawezi kukaa mkekani pamoja na wenzake, wala kutumia choo cha shimo bila kushikwa mkono.

Anatomia pia humwezesha mganga kutambua ni msuli upi ulioathirika, bila chombo chochote. Msuli mnyoofu peke yake ndio unaovuka viungo viwili, nyonga na goti. Mtu anapoketi, nyonga imekunjwa, na msuli huo umelegea kwa juu. Anapolala kifudifudi, nyonga imenyooka, na msuli umevutwa. Basi mtoto akiketi na goti likakunjika vizuri, lakini akilala kifudifudi na kisigino kikielekezwa takoni nyonga ikajiinua kutoka kitandani, lawama ni ya msuli mnyoofu. Goti likikataa katika hali zote mbili, kovu limo katika misuli mipana. Mwanafunzi mzima aweza kuonja habari hii mwilini mwake: asimame wima, ashike kifundo cha mguu na kukivuta hadi takoni, kisha ainame mbele kidogo. Mvuto alioukuta pajani utapungua papo hapo.

Hapa pana mpaka ambao wasomaji wanaombwa wasiuvuke kwa haraka. Watoto wa Yamanashi walilemazwa na dawa zenye kuunguza, zilizotiwa mara kwa mara mahali pamoja. Chanjo ya kliniki, ile inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na vijidudu vya Hib, ni nusu mililita tu kwa kila dozi, dozi tatu, zikipishana wiki nne. Huweza kuleta uvimbe na maumivu ya siku moja au mbili, na mtoto huweza kulia usiku. Hiyo si njia ya kovu la namna iliyoelezwa. Mama aliyesikia habari za sindano za paja, akaacha kumpeleka mtoto chanjo, atakuwa amekwepa hatari isiyokuwepo na kuikaribisha pepopunda iliyopo. Jambo la kukataa ni lile la kumpeleka mtoto mwenye mafua duka la dawa na kudai achomwe sindano, kwa imani kwamba dawa ya kunywa haina nguvu.

Mtoto ambaye kovu limekwisha kumkamata hutibiwa kwa kupasuliwa: daktari hulikata kovu na kuitenganisha misuli mizima nalo, kisha huja miezi ya mazoezi.

Mwalimu aweza kuyaonyesha yote haya darasani kwa mguu wa nyuma wa mbuzi, kwa kuwa mbuzi ana misuli ile ile minne. Amwombe mwuza nyama asiukate kwenye goti, kama ilivyo desturi yao. Nyama ya mnyama aliyechinjwa saa chache zilizopita huwa imekakamaa. Iliyolala mahali pa baridi hadi siku ya pili ni laini zaidi kwa kazi hii. Wanafunzi waitenganishe misuli kwa vidole na ubapa wa kisu, wauinue ule mnyoofu ili wauone ule wa kati, kisha waivute kano na kuona muundi ukiinuka. Halafu goti linyoshwe, sindano ya kushonea magunia iletwe, na uzi imara ushonwe kutoka kwenye kilegesambwa hadi kwenye msuli wa kati, kisha uzungushwe mfupa na kufungwa kwa kukazwa. Mwanafunzi mwenye nguvu kuliko wote aitwe alikunje goti hilo. Akishindwa, uzi ukatwe, na ajaribu tena.